Ubaguzi wa Jinsia na Rangi Shuleni na Chuoni: Maswali Wanayouliza Sana Wazazi na Wanafunzi wa Mombasa

Maswali haya huja kwa wingi nyakati mbili: Januari, watoto wanapopokewa shule mpya, na pale matokeo ya mitihani yanapotoka. Nimeyajibu kama ambavyo ningemjibu mzazi mwenzangu barazani. Penye sheria nimeitaja. Penye maoni yangu utayajua tu.

Je, shule inaweza kumkataa mwanangu kwa sababu ya kabila, rangi au dini yake?

Haiwezi. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza ubaguzi wa rangi, jinsia, ujauzito, dini, mavazi, lugha na kadhalika, na kinamfunga mtu binafsi sawasawa na serikali. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinarudia jambo hilo hilo kwa upande wa kuwapokea wanafunzi. Shule ya binafsi imo. Shule yenye mfadhili wa kidini imo pia.

Lakini hakuna mwalimu mkuu atakayekwambia usoni kwamba hataki Mdigo au Msomali. Utaambiwa nafasi zimejaa, kisha wiki ile ile mtoto wa jirani apokewe. Hapo usibishane. Omba sababu iandikwe kwenye karatasi, itiwe sahihi na tarehe. Mara nyingi nafasi hupatikana kabla kalamu haijafunguliwa.

Mbona basi shule na vyuo vyetu vikongwe vina majina ya Kihindi, ya Kiarabu na ya Kizungu?

Kwa sababu vilijengwa hivyo makusudi. Serikali ya kikoloni iligawa elimu kwa rangi: Wazungu na zao, Wahindi na zao, Waarabu na zao, Waafrika na zao, na pesa zikafuata ngazi hiyo hiyo kutoka juu kwenda chini. Ripoti ya Fraser ya 1909 ilitaka Mwafrika afundishwe zaidi kazi za mikono. Huku Pwani elimu ya Mwafrika iliachiwa wamishonari kwa miaka mingi: Rabai tangu siku za Krapf katika miaka ya 1840, Freretown iliyoanzishwa 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, kisha Buxton kisiwani. Mzazi Mwislamu aliyeogopa mwanawe asije akabatizwa alibaki na chuo cha Kur'ani. Ukitaka kujua kwa nini familia fulani zina vizazi vinne vya makarani na walimu na nyingine zina msomi wa kwanza hivi leo, anzia hapo.

Ilikuwa na faida kubwa kuhesabiwa kabila gani. Waswahili wa Thenashara Taifa, yaani koo kumi na mbili za Mombasa, walipigania kuwekwa daraja moja na Waarabu, na elimu ilikuwa miongoni mwa vilivyogombewa. Shule ya Allidina Visram ilifunguliwa 1923 kwa watoto wa Kihindi, kwa fedha za familia ya mfanyabiashara mwenye jina hilo. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor, TUM, kilianza mwishoni mwa miaka ya 1940 kikiwa taasisi ya elimu ya Waislamu, MIOME. Kikawa politekniki ya kila mtu 1972, na kikapata hati ya chuo kikuu 2013. Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, alikosa nafasi Makerere kwa alama za mtihani, akafanya ukarani MIOME, kisha akapata ufadhili wa kwenda Uingereza. Alipata shahada ya udaktari Oxford 1966. Huwa najiuliza ni makarani wangapi wenye akili kama yake ambao hawakuonwa na mtu.

Kuna sauti iliyotangulia wakati wake, nayo haitajwi vya kutosha. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, baba yake profesa huyo, alichapisha gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, akiwahimiza Waislamu wasiiachie jamii nyingine elimu ya kisasa, na akitetea wasichana nao wasome. Anayekwambia kumsomesha binti ni jambo la kuigiza Uzungu hajui historia ya mji wake.

Mgawanyo wa rangi ulifutwa baada ya uhuru, Tume ya Ominde ya 1964 ilipopendekeza mfumo mmoja kwa watoto wote.

Ikiwa ulifutwa miaka ya sitini, mbona bado watoto wa Pwani tuko nyuma?

Kilichofutwa ni kibao cha mlangoni. Majengo, maabara, maktaba na walimu vilibaki pale pale vilipokuwa. Halafu ikaja Sera ya Bunge Nambari 10 ya 1965, iliyoamua fedha za maendeleo zipelekwe kwanza maeneo yenye kuzalisha haraka. Sehemu kubwa ya Pwani na Kaskazini hazikuwemo katika hesabu hiyo.

Leo mchujo unafanywa na karo. Sekondari ya umma ya kutwa hupata ruzuku ya serikali, iliyopangwa kuwa shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Shule ya kitaifa ya bweni imekuwa na ada rasmi ya shilingi 53,554, na hapo hujagusa sanduku, godoro, sare na nauli. Mtoto wa Jomvu au Likoni akipata alama nzuri na barua ya shule kubwa, familia inapiga hesabu, halafu anapelekwa kutwa ya karibu. Hakuna aliyembagua kwa jina. Lakini ukitazama ni watoto wa mitaa gani wanaobaki na wa mitaa gani wanaokwenda, utaona ramani ya zamani.

Basari ya eneobunge na ya kaunti zipo. Zifuateni mapema, kabla ya Desemba, kwa sababu anayejua tarehe ndiye anayepata.

Mwanangu hana cheti cha kuzaliwa. Kuna ubaya gani?

Upo, na kwa maoni yangu ndio ubaguzi mzito kuliko wote uliobaki, kwa vile haupigi kelele. Fuata mnyororo wenyewe. Bila cheti cha kuzaliwa, mtoto anapata shida kuingizwa katika mfumo wa serikali wa wanafunzi (NEMIS, unaobadilishwa kuwa KEMIS). Asipoingizwa, shule haipati ruzuku yake, kwa hiyo mwalimu mkuu hamtaki. Ukifika wakati wa mtihani wa kitaifa, usajili wake unakwama. Akifika miaka 18, kitambulisho hakipatikani kwa urahisi. Na bila nambari ya kitambulisho, mkopo wa serikali wa chuo, HELB, unakuwa ndoto.

Sasa tazama ni nani anayekwama. Ni mtoto aliyezaliwa nyumbani Kisauni kwa mkunga wa mtaa. Ni wa mama asiye na ndoa aliyeambiwa kimakosa kwamba lazima baba awepo. Ni kijana wa asili ya Kiarabu, Kisomali, Kinubi au Kipemba aliyeitwa mbele ya kamati aonyeshe makaratasi ya babu yake, huku mwanafunzi mwenzake mwenye jina la bara akimaliza kwa siku moja. Wamakonde walitambuliwa kuwa kabila la Kenya mwaka 2017 tu, na Wapemba 2023. Kabla ya hapo, watoto waliozaliwa hapa hapa walisoma wakijua elimu yao ina mwisho. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kuondolewa kwa usaili huo wa ziada katika kaunti za mpakani. Tangazo ni jambo jema, ila dirishani kwa karani bado unatakiwa uwe na makaratasi yako.

Fanya hivi: kizazi husajiliwa ndani ya miezi sita. Ukichelewa, unaingia katika usajili wa kuchelewa, ambao unawezekana lakini una mizunguko. Chukua kadi ya kliniki, kitambulisho chako, barua ya chifu, na barua ya shule au ya madrasa kama mtoto keshaanza. Usingoje darasa la mtihani.

Mwalimu huwaambia watoto wetu kwamba watu wa Pwani ni wavivu, na anamcheka wangu kwa lugha yake. Nifanye nini?

Kwanza, usiidharau. Mtoto anayeambiwa kila wiki kwamba kwao hawasomi, mwishowe huona kuwa ni jambo la kawaida, na mwalimu mwenyewe huacha kumuuliza maswali magumu. Haya nimeyasikia yakisemwa juu ya Wamijikenda, juu ya Waswahili, juu ya Wasomali kwa namna nyingine. Na ndani ya madrasa na nyumba zetu wenyewe nimesikia mtoto mweusi zaidi akipewa jina la utani ambalo sitaliandika. Tusijisafishe.

Pili, sheria. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi kinakataza adhabu ya viboko na pia mateso ya kisaikolojia. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Ile tabia ya kumvisha mtoto kibao shingoni kwa kuzungumza lugha ya mama imo humo humo kwa maoni yangu, na Kifungu cha 44 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutumia lugha yake.

Ama Kiswahili chenyewe, inachekesha ukiijua historia. Mwaka 1928, kikao kilichofanyika mumu humu Mombasa ndicho kilichochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu badala ya Kimvita. Tangu hapo mtoto wa Mji wa Kale anaandika insha kwa lugha ya bibi yake na kurudishiwa kalamu nyekundu. Afundishwe sanifu, naam, mtihani ni mtihani. Lakini kumcheka ni ujinga.

Shule imemkataza binti yangu hijabu. Au: mwanangu ana rasta. Sheria inasemaje?

Hili halijatulia. Kesi kubwa ya hijabu ilitoka Isiolo, katika shule ya St Paul's Kiwanjani. Mahakama ya Rufaa iliwapa ushindi wanafunzi wa Kiislamu mwaka 2016. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo, lakini kwa sababu za utaratibu wa jinsi dai lilivyowasilishwa, na ikaelekeza bodi ya shule ishauriane na wazazi. Kwa hiyo anayekwambia Mahakama ya Juu ilipiga hijabu marufuku anakosea, na anayesema iliiruhusu kila mahali anakosea pia. Kilichobaki na nguvu ni Kifungu cha 32 cha Katiba: mtu asinyimwe kuingia katika taasisi kwa sababu ya imani yake.

Kuhusu rasta, mwaka huo huo wa 2019 Mahakama Kuu ilimrudisha darasani msichana wa familia ya Kirasta aliyekuwa amefukuzwa katika sekondari moja ya Nairobi.

Mombasa mengi humalizwa mezani. Shule nyingi za umma hapa zimezoea hijabu nyeupe au ya rangi ya sare. Soma kanuni za mavazi kabla ya kulipa, uulize kwa maandishi.

Binti amepata mimba. Je, masomo yamekwisha?

Hayajaisha. Kenya imekuwa na sera ya kuwarudisha shuleni tangu 1994, na mwongozo mpya ulitolewa 2020. Mwanafunzi mjamzito aruhusiwe kuendelea kadiri afya inavyomruhusu, na baada ya kujifungua arudi, ama shule ile ile ama nyingine akitaka. Akiwa mtahiniwa, afanye mtihani wake. Kila mwaka kuna wanaofanyia hospitalini.

Tatizo kubwa huwa nyumbani. Familia huona haya, huwa kuna mazungumzo ya haraka ya kumwozesha, na mara aliyempa mimba ndiye anayefanywa mkwe. Ndoa ya aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai hata walii akikubali, hata mahari ikitolewa. Na aliyempa mimba mtoto ametenda kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006. Msimfichie.

Pedi ni haki au ni msaada?

Haki. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2017 yaliipa serikali jukumu la kutoa taulo za hedhi bure kwa kila msichana aliyebaleghe katika shule za umma. Ugawaji unakatikakatika. Shule ikisema hazijafika, ulizeni kwenye mkutano wa wazazi lini zilifika mara ya mwisho na kiasi gani. Na muulize habari ya vyoo: pedi bila maji na mlango unaofungika haisaidii kitu.

Mwalimu au mhadhiri anamtaka mwanafunzi kimapenzi. Tuanzie wapi?

Kwa mwalimu wa shule, hakuna "walikubaliana". Kifungu cha 24 cha Sheria ya Makosa ya Kijinsia kinasema mwalimu au mfanyakazi wa shule anayetumia cheo chake kumshawishi mwanafunzi kingono hufungwa kwa muda usiopungua miaka kumi. Tume ya Walimu, TSC, ilitoa waraka wake Nambari 3 wa 2010 kuhusu kuwalinda wanafunzi, na mwalimu anayemfichia mwenzake naye anawajibika. Mwalimu mkuu anayekuita mzungumze "kifamilia" anakuomba umsaidie kuvunja sheria.

Kama kitendo kimekwisha kufanyika, hospitali kwanza. Coast General, ambayo wengi bado tunaiita Makadara, ina kituo cha kuwahudumia waliodhulumiwa kijinsia. Msioge, msifue nguo, zitieni kwenye karatasi na si mfuko wa plastiki. Dawa ya kuzuia Virusi vya Ukimwi ina maana ikianzwa ndani ya saa 72. Kisha polisi, mpewe nambari ya OB (kitabu chao cha matukio) na fomu ya P3 ya kujazwa na daktari. Laini ya watoto ni 116, na ya dhuluma za kijinsia ni 1195; zote ni za bure.

Chuo kikuu mambo yamejificha zaidi. Mwanafunzi ni mtu mzima, na silaha ya mhadhiri ni alama. Mtihani umeandikwa, alama "zimepotea", na njia ya kuzipata ni kwenda ofisini peke yako jioni. Kifungu cha 23 cha sheria hiyo hiyo kinamhusu mwenye mamlaka anayemsumbua mtu kingono. Hifadhi kila ujumbe wa simu. Weka nakala ya kila karatasi ya mtihani unaoruhusiwa kuwa nayo, na saini ya mahudhurio. Usiende ofisini peke yako. Lalamika kwa barua kwa mkuu wa idara ukimpa nakala mkuu wa wanafunzi, kwa maana idara pekee huwa ni marafiki.

Wavulana je? Mbona kila siku wasichana?

Swali la haki, na huku kwetu lina uzito. Mwanafunzi wa kiume huanza kutoroka kidogo kidogo: siku ya tuktuk, siku ya boda, msimu wa watalii ufukweni, na katika mitaa mingine unga wa kulevya. Hafukuzwi wala hapati mimba, basi hakuna anayehesabu siku alizokosa. Kitaifa wasichana na wavulana wanaofanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, wanakaribiana kwa idadi, na wapo wanaotumia hilo kusema kazi imekwisha. Sikubaliani nao. Msichana hutolewa shuleni na watu wengine, mvulana huvutwa na pesa ya mkononi. Dawa zao ni mbili tofauti, na fungu la moja lisikatwe kulipia la pili.

Wasichana kuingia chuo kikuu kwa alama pungufu kidogo, si ubaguzi huo?

Katiba yenyewe imeruhusu hatua za kusawazisha, katika Kifungu cha 27 na cha 56. Aliyesoma sayansi bila maabara na aliyesoma nayo hawakufanya mtihani mmoja, hata kama karatasi ilikuwa moja. Ningependa tu hatua hizo zitazame pia shule mtu alikotoka, kwa sababu msichana wa shule ya kitaifa hahitaji msaada kuliko mvulana wa kutwa ya Mtongwe.

Na kuingia si kufika. Wangari Maathai, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya udaktari, mwaka 1971, alilazimika kupambana na Chuo Kikuu cha Nairobi ili wahadhiri wanawake wapate marupurupu sawa na wanaume; ilichukuliwa kwamba mume ndiye mwenye nyumba. Hadi 2006 hakuna mwanamke aliyekuwa ameongoza chuo kikuu cha umma nchini, Profesa Olive Mugenda alipokabidhiwa Kenyatta. TUM yetu nayo ilikuja kuongozwa na Profesa Laila Abubakar, mwanakemia ya viumbe. Binti anayeambiwa sayansi si ya wanawake aonyeshwe Tudor.

Mwanangu anaomba chuo Marekani. Rangi yake itamsaidia au itamdhuru?

Marekani ilipiga marufuku shule za kutenganisha rangi kwa uamuzi wa mahakama wa 1954, na Juni 2023 Mahakama ya Juu yao ikazuia vyuo kuzingatia rangi ya mwombaji kama kigezo. Bado anaweza kueleza maisha yake katika insha. Aandike juu ya Mombasa anayoijua.

Shule imezuia cheti cha KCSE kwa deni la karo. Halali?

Si halali. Cheti ni cha mtahiniwa, na sheria ya Baraza la Mitihani inakataza kukizuia. Deni linadaiwa kwa njia nyingine.

Nilalamike wapi, na je, mtoto hataandamwa?

Anza na mwalimu mkuu kwa barua, kisha bodi ya shule, kisha ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako, iwe Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe au Jomvu. Jambo linalomhusu mwalimu mwenyewe lipeleke TSC. Ubaguzi wa jinsia au wa jamii unaweza kuupeleka Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa, au Tume ya Haki za Binadamu ya KNCHR, yenye ofisi Mombasa. Hulipi kitu.

Kuandamwa kunawezekana, nisikudanganye. Nimeona mtoto akihamishwa kiti, akinyimwa nafasi kwenye timu, baada ya mama yake kuzungumza. Ndiyo maana wazazi watatu wakitia sahihi barua moja ni bora kuliko mmoja mwenye ujasiri. Andika tukio, siku, saa na majina ya waliokuwepo. Usiandike matusi wala ulichosikia kwa watu. Peleka nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo nyumbani. Wape siku kumi na nne. Zikipita kimya, barua ya pili iende ngazi ya juu, ikitaja tarehe ya muhuri wa ile ya kwanza.